Mla Nawe Hafi Nawe

Wahenga walinena kwamba mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Methali hii huwa tunaitamka bila ya kuupima uzito wake. Sisi tulikumbushwa uzito huo na filamu ya kigeni, The Molly Maguires, iliyoongozwa na Martin Ritt na kutolewa mwaka 1970.

Kisa chake kimetokana na mambo yaliyotukia Pennsylvania, Marekani, katika miaka ya 1870. Wahamiaji kutoka Ireland walichimba makaa ya mawe kwa ujira wa kijungujiko, na migomo yao ilikuwa ikivunjwa. Ikasemekana kwamba baadhi yao wameunda chama cha siri cha kulipua migodi na kuwaua wasimamizi. Mwaka 1873 Franklin Gowen, mkuu wa kampuni ya reli iliyomiliki machimbo mengi, alikodi shirika la upelelezi la Pinkerton. Shirika hilo likamtuma James McParlan, Mwairishi vilevile, aishi na wachimbaji kwa jina la uongo.

Katika filamu, McParlan anashuka shimoni kama wenziwe. Siku ya mshahara karani anamsomea alichochuma, kisha anakata gharama za baruti, mafuta ya taa na vifaa, hata mwishowe mkononi zinabaki senti chache tu. Hasira inayomjia usoni si ya kuigiza. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Kwani msaliti asiyeijua dhuluma ni rahisi kumhukumu, lakini huyu anaijua, ameionja.

Baadaye mzee mmoja anakufa, mapafu yake yameliwa na vumbi la makaa. Jack Kehoe, kiongozi wa wale wa siri, anaingia kwa nguvu katika duka la kampuni kumtafutia marehemu suti ya kuzikiwa. McParlan anajiunga naye, nao wanalivuruga duka zima na kulitia moto. Tulipoitazama sehemu hii tulijiuliza: Je, wakati ule alikuwa mpelelezi au mchimbaji? Kwa maoni yetu alikuwa yote mawili, na wala hilo halimpunguzii lawama, linamwongezea.

Yupo atakayesema kwamba McParlan alitenda haki, maana watu waliuawa, na muuaji hana budi kufichuliwa. Hoja hii hatuwezi kuipuuza. Mke wa msimamizi aliyepigwa risasi naye ni mjane. Bali tuangalie ni nani aliyeinunua haki hiyo. Gowen, mwenye kumkodi mpelelezi, ndiye huyo huyo aliyesimama mahakamani kuwa mwendesha mashtaka, na ushahidi mkubwa ulikuwa wa mtu aliyelipwa kuutafuta. Kati ya mwaka 1877 na 1879 watu 20 walinyongwa, 10 kati yao katika siku moja, tarehe 21 Juni 1877. Kehoe alinyongwa Desemba 1878. Ilipofika mwaka 1979 gavana wa Pennsylvania alimpa msamaha, yeye akiwa kaburini miaka mia moja. Wanahistoria wangali wakibishana kuhusu chama chenyewe, maana sehemu kubwa ya yanayojulikana ilitoka kinywani mwa McParlan.

Yafaa kutaja pia kwamba Ritt na mwandishi wake, Walter Bernstein, walinyimwa kazi katika miaka ya 1950, wakati ambapo wasanii wa Marekani walitakiwa wawataje wenzao kwa wakubwa. Walikuwa wakiijua ladha ya jambo hili.

McParlan anasema ushahidi wake, na anachosema kuhusu Kehoe ndani ya filamu ni kweli. Kosa lake basi halimo katika maneno yale. Limo katika kila sahani aliyokula na watu wale, kila kicheko, kila kazi aliyosaidiana nao, ambavyo vyote aliviweka akiba ili aviuze. Hata mwanamke aliyempenda anamkataa.

Usiku wa mwisho anakwenda gerezani kumwona Kehoe. Anataka nini huko? Si siri tena anayoitafuta. Kehoe anamwelewa upesi: amekuja kutaka aadhibiwe kidogo na rafiki, apate kuondoka mwepesi. Wanapigana, askari wanawaachanisha. Nje kitanzi kinajaribiwa kwa ajili ya asubuhi. McParlan anapita kando yake, wala hakuna anayemzuia.