Bora Kuliko Nani, kwa Kazi Gani?

Tarehe 16 Aprili 2025, waziri wa afya wa Marekani, Robert F. Kennedy Jr., alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema kuna watoto wenye usonji ambao hawatalipa kodi kamwe, hawatashika kazi, hawatacheza besiboli, hawatatunga shairi. Baadaye alieleza kwamba alikusudia wale wenye hali nzito. Maneno yake yaliniudhi, lakini majibu aliyopewa yaliniudhi zaidi. Watu wenye nia njema kabisa walimjibu: mwanangu analipa kodi, binti yangu anatunga mashairi, tena kwa hesabu anawapita wenzake wote. Walidhani wanamwangusha. Kumbe walikuwa wamepanda ngazi yake ileile, wakabaki kugombania daraja.

Ngazi hiyo tunayo na sisi. Huku Kongo, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kalundu hadi Kavimvira, na kupanda bonde la Ruzizi kupitia Kiliba na Sange, mtoto asiyetazama watu machoni, asiyeitika jina lake, anayezungusha kifuniko cha chupa tangu asubuhi hadi jua linapozama, anaweza kujikuta kwenye daraja la chini kuliko yote. Ataitwa mchawi, apelekwe kwenye chumba cha maombi, anyimwe chakula siku tatu kwa jina la mfungo. Neno usonji huenda hajawahi kulisikia yeyote kati ya wanaomshika, na wale waliopita kwa daktari wanalijua kwa Kifaransa chake tu, otizimu. Maana yake sitakawia nayo: ni namna ya ubongo kukua ambayo hubadilisha jinsi mtu anavyosikia, anavyosema na anavyokaa na wenzake, tangu utotoni hadi uzeeni. Yatosha. Ninachotaka kukichunguza ni lile neno dogo tunalolitupa ovyo, neno “bora”.

Kwa Kiswahili, ukisema kitu ni bora bila kusema ni bora kwa lipi, msikilizaji anabaki anangoja. Wavu wenye macho madogo ni bora kwa ndagala. Kwa samaki mkubwa kama mukeke chukua mwingine. Jua la Juni ni bora kwa kuanika samaki, msimu wa mvua kwa kupanda. Ubora unashikana na kazi, na kazi ni ya mwenye kitu. Basi anayesema watu wasio na usonji ni bora kuliko wenye nao, au kinyume chake, ajibu kwanza: bora kwa kazi ya nani? Akinijibu “kwa kusikiliza kelele za soko la Mulongwe bila kuumia masikio,” tutaelewana mara moja. Akisema “bora, basi,” amemfanya mtu kuwa chombo na amemficha mwenye chombo.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi linalonikera kuliko yote, kwa sababu linakuja likitabasamu. Linasema: mbona unakataa hata sifa? Sisi hatuwatukani, tunawainua. Mungu akimnyima mtu hapa humpa pale. Waangalieni wenye usonji wanaokumbuka kalenda nzima, wanaochora mji mzima kwa kuuona mara moja. Nimelitafakari kwa uvumilivu na ninaliona baya kwa njia tatu. Kwanza, si kweli kwa walio wengi: wengi wenye usonji hawana kipaji cha ajabu, kama vile wengi wetu tusio nao hatuna. Pili, linamtoza mtoto malipo. Wa jirani anakula ugali wake bila kuulizwa anajua nini. Huyu ugali wake ni mshahara wa hesabu, na siku atakaposhindwa hesabu itabidi tuulizane kama bado anastahili sahani.

Tatu, na hili ndilo zito, sifa na hukumu hutoka katika mkono mmoja. Hans Asperger, daktari wa watoto wa Vienna, aliandika mwaka 1944 kwamba baadhi ya watoto wa aina hii wanaweza kufika mbali katika kazi zinazotaka akili kali, na kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa mlinzi wao. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alichapisha aliyoyakuta katika mafaili ya mji ule. Asperger huyohuyo aliwaelekeza watoto, wakiwemo wasichana wawili wadogo mwaka 1941, kwenye kituo cha Am Spiegelgrund, ambako chini ya Wanazi watoto walioonekana hawana faida waliuawa. Waliokufa pale walikaribia 800. Wasichana wale hawakuandikiwa usonji, maradhi yao yalikuwa mengine. Lakini mizani ilikuwa moja. Aliyeona faida ya huyu ndiye aliyeona hasara ya yule, na hakuhitaji kubadilisha miwani.

Wala tusidhani kipaji kinamlinda mtoto huku kwetu. Ripoti ya UNICEF ya mwaka 2010 kuhusu watoto wanaosingiziwa uchawi barani Afrika iliorodhesha wanaolengwa: yatima, wenye kifafa, wenye kigugumizi, wenye usonji, wakimya wanaojitenga. Katika orodha hiyohiyo wamo watoto wenye akili kupita kiasi. Isome tena sentensi hiyo. Kwa mwenye kumwogopa mtoto, kujua mno na kutojua ni ushahidi uleule. Mzazi anayepita akitangaza maajabu ya mwanawe ili aheshimiwe anampandisha kwenye daraja ambalo nalo linaungua.

Yapo mapingamizi ya haki. Mzazi ambaye mtoto wake haongei, halali na anajigonga kichwa ukutani ana haki ya kusema hali hii ni mbaya, nami namkubalia, ila ubaya wa maumivu si kipimo cha anayeumia. Na mwalimu mwenye darasa lililojaa atalinganisha tu, ili ajue nani amkalishe mbele.

Tena, watu wakishindwa kuelewana, tumezoea kuuweka upungufu wote ndani ya mmoja, yule mwenye usonji. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kuna pande mbili: yeye hanisomi, nami simsomi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakachapisha jaribio lao la kupokezana hadithi, mtu wa kwanza akimsimulia wa pili, wa pili wa tatu, hadi wa nane. Misururu ya wenye usonji watupu iliihifadhi hadithi sawa na misururu ya wasio nao. Iliyopoteza zaidi ni ile ya mchanganyiko. Hadithi ilidondoka katikati, njiani, kati ya mtu na mtu.

Hata ubora wenyewe hutegemea ni nani wengine waliopo. Ziwa letu lina samaki mmoja nisiyemchoka, Perissodus microlepis, anayeishi kwa kunyofoa magamba ya samaki wengine. Mdomo wake umepinda, kwa wengine kulia, kwa wengine kushoto. Wa kulia hushambulia ubavu wa kushoto, na wa kushoto ubavu wa kulia. Mwaka 1993 Mjapani Michio Hori alionyesha kwamba idadi za aina hizi mbili huyumba kuzunguka nusu kwa nusu. Wa kulia wakizidi, windo hulinda ubavu wa kushoto. Wachache wa upande wa pili wanashiba, wanazaa, nao wanazidi, kisha mambo yanageuka. Uliza mdomo upi ni bora na Tanganyika halitakujibu mpaka uhesabu kwanza waliopo. Najua mfano huu una mpaka. Wenye usonji si nusu yetu, na ziwa ambamo mmoja anaishi kwa kumchuna mwenzake si mwalimu wa maadili. Hata hivyo unanionyesha kwamba “kawaida” inaweza kuwa hesabu ya vichwa tu, iliyovaa kanzu ya hukumu.

Kama binadamu anaweza kuacha kabisa kupanga wenzake kwa madaraja, sina hakika. Na tukiliacha neno bora, bado tutahitaji neno lingine la kusema mtoto huyu atangulie kuhudumiwa. Swali hilo naliacha wazi. Lililofungwa ni hili moja. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kwa makusudi kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Haiulizi kwanza kama mtoto anajua hesabu.