Haki ya Macho ya Muuguzi



Apandaye kutoka Soni kwenda Bumbuli hukutana na ukungu kabla hajakutana na watu. Usiku wa Usambara una baridi iingiayo mifupani, na katika baridi hiyo yuko mtu asiyelala: muuguzi wa zamu. Hospitali ya Bumbuli ni ya Kanisa la Kiluteri, lakini homa ya mapafu haimwulizi mtu dini yake, na Waislamu wa vijiji vile huuguzwa pale pamoja na jirani zao Wakristo. Basi deni ninalotaka kulitaja ni letu sote.

Ugonjwa wa Korona ulithibitishwa Tanzania mwezi Machi 2020. Hadi mwanzoni mwa Mei walitangazwa wagonjwa 509 na vifo 21. Kisha hesabu ikanyamaza mpaka katikati ya mwaka 2021. Pasipotajwa idadi ya wagonjwa, uchovu wa anayewauguza utatajwa na nani? Watu walisema ni "changamoto ya upumuaji", lakini kwa jina lolote lile mgonjwa alihitaji kugeuzwa, kunyweshwa na kushikwa mkono. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watumishi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 ulimwenguni walikufa kwa ugonjwa huu tangu Januari 2020 hadi Mei 2021. Waliobaki walirudi kazini kesho yake.

Hapa sina budi kukiri kosa langu. Mwaka 2021, nikiwa likizoni kutoka chuo ninachofundisha ng'ambo, nilimpeleka mzee wetu mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja. Usiku wa manane nilimkuta muuguzi amelaza kichwa mezani. Nilimkemea, na kwa kuwa nimezoea mimbari nikamwongezea maneno juu ya amana na subira. Aliinuka akasema, "Nisamehe, shehe," akaenda kumtazama mzee. Asubuhi mwenzake alinieleza kwamba dada yule aliingia kazini tangu asubuhi ya jana yake. Aliyepaswa kumpokea alikuwa naye kitandani, anaumwa.

Tangu siku ile naona haya kuwahubiria subira watu waliochoka. Subira ni fadhila ambayo mtu huitafuta kwa nafsi yake. Kumwagiza mwenzako, hali wewe umeshiba usingizi, ni jambo lililo karibu na dhuluma.

Tukumbuke habari ya Hadhrat Salman na Hadhrat Abu Dardaa (r.a.), waliounganishwa undugu na Mtume Mtukufu (s.a.w.). Abu Dardaa alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha, hata mkewe akaachwa kama hana mume. Salman alipomzuru alimlazimisha kula, akamwamuru alale, na alipotaka kuinuka akamwamuru tena alale, mpaka sehemu ya mwisho ya usiku. Shauri lilipofikishwa kwa Mtume, alisema Salman amesema kweli. Katika mafundisho yake mengine alibainisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe, na macho pia yana haki. Kama haki hiyo haipotei mbele ya sala za usiku, itapoteaje mbele ya kazi ya wodini?

Tena tazama sala ya hofu katika Kurani Tukufu. Jeshi likiwa mbele ya adui, kundi moja husali na lingine hulinda, kisha hubadilishana. Mwenyezi Mungu ameweka zamu hata katika ibada, wala hakusema mlinzi mmoja ashike silaha tangu alfajiri hadi alfajiri kwa kuwa ana imani kubwa. Wenye kupanga kazi za hospitali waisome amri hiyo kwa makini.

Nasi tusio mabwana wa hospitali tuna kazi yetu. Katika Vita vya Handaki, Saad bin Muadh alipojeruhiwa, Mtume (s.a.w.) aliagiza awekwe katika hema la Bibi Rufaida, mwuguzaji wa majeruhi, ili aweze kumzuru kwa karibu. Hakuwaita watu wote wajazane hemani. Kwetu, ndugu kumi na watano huteremka mlimani kumtazama mgonjwa mmoja, nao humwuliza muuguzi swali lilelile mara kumi na tano! Aende mmoja, na kikapu cha uji wa moto kiwe na kikombe cha muuguzi pia. Mtume alipokataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka humo, alipunguza idadi ya wagonjwa; anayenawa mikono na kukubali chanjo naye humpunguzia muuguzi kitanda kimoja.

Dharura ya Korona ilitangazwa kwisha Mei 2023. Miezi miwili kabla yake Marburg ilikuwa imezuka Kagera, na miongoni mwa waliokufa alikuwemo mtumishi wa afya.

Mzee wetu alipona. Siku ya kuondoka nilimtafuta yule dada nimwombe radhi. Mwenzake akasema amepata mapumziko, yuko nyumbani amelala. Je, ampigie simu? Nikamwambia asimwamshe.