Israfu Ni ya Nani?

Mahubiri juu ya ubadhirifu, msikitini na kanisani, mara nyingi humlenga mnunuzi. Sura ya 17 ya Kurani inawataja wabadhirifu kuwa ndugu wa mashetani. Hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Ibn Majah inasimulia jinsi Mtume alivyomkanya sahaba wake Saad alipokuwa akimwaga maji mengi katika kutawadha, akamweleza kuwa israfu ipo hata kwenye mto unaotiririka. Papa Fransisko naye, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliulaumu utamaduni wa kutumia na kutupa.

Basi mama anayenunua ndala za bei ya chini, zikakatika kamba, akanunua nyingine na nyingine, ana dhambi gani?

Hesabu anaijua. Hakuna sokoni asiyejua kwamba rahisi ni ghali. Anachokosa si akili wala uchaji, bali fedha za kutoa kwa mkupuo. Riziki ya siku hununua kitu cha siku. Kumhubiria anunue viatu vya ngozi ni kumtwika mzigo wa mwingine.

Na huyo mwingine yupo. Mwaka 1924, mjini Geneva, kampuni kubwa za balbu, Osram na Philips zikiwamo, ziliunda umoja ulioitwa Phoebus. Zilikubaliana balbu ya nyumbani iwake saa 1,000 tu, ilhali wakati ule zilikuwapo zilizofika 1,500 hadi 2,000. Balbu za kila kiwanda zilipimwa maabara, na kilichopitisha kiwango kikatozwa faini. Watetezi wao walisema balbu ya umri mfupi hutoa mwanga mkali zaidi kwa umeme uleule, na hilo ni kweli. Lakini mnunuzi hakuulizwa anataka nini: mwanga au umri.

Hapa inafaa kukumbuka Hadithi nyingine, iliyomo katika mkusanyo wa Imamu Muslim. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikatoka na unyevu. Juu kavu, chini imelowa. Alimkemea muuzaji, wala hakumlaumu mnunuzi kwa kutochunguza. Simu ambayo betri yake imegandishwa kwa gundi ili isibadilishwe kwa urahisi haiko mbali na rundo lile, na ingestahili hotuba yake ya Ijumaa. Ufaransa imekwisha kulifanya jambo hili kuwa jinai: sheria ya mwaka 2015 inamtishia anayefupisha makusudi umri wa bidhaa kwa kifungo cha miaka 2 na faini ya euro 300,000.

Umaskini wenyewe haulazimishi vitu dhaifu. Katambuga, ambazo Kenya huitwa akala, hukatwa kwenye matairi chakavu, na Wamasai hutembea nazo mwendo mrefu juu ya miiba na mawe. Kamba ikichomoka, fundi huigongomea msumari, safari ikaendelea. Na pale bei inapozidi mfuko wa mtu mmoja, wanawake wa vyama vya kuchangiana huchanga kwa zamu, kila mmoja akanunuliwa sufuria nzito ambayo peke yake asingeimudu. Mifuko ya zaka na sadaka ingeweza kufuata njia hiyohiyo: kumpa fukara, badala ya fedha kidogo kila mara, cherehani imara na fundi wa kuitengeneza.