Sensa, Dereva na Dhamiri

Fundi wa Migori anayefunga sensa ya mwendo kwenye giaboksi ya otomatiki hana kazi ndefu. Anapangusa vumbi, anapaka oili mpira wa duara usije ukachanika, anasukuma sensa mpaka ikae, anakaza bolti kwa kiasi, kisha anachomeka soketi ya waya. Basi. Kuanzia hapo sensa inahesabu mizunguko ya shafti, na kompyuta inajua wakati wa kubadilisha gia.

Kwenye matatu, taarifa kama hiyo ya mwendo ndiyo inayotegemewa na kidhibiti mwendo. Kanuni za John Michuki, waziri wa uchukuzi wa Kenya wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilikifanya kuwa lazima, kikomo kikiwa kilomita 80 kwa saa.

Hapo ndipo swali linapozuka. Dereva asiyeweza kupita 80 kati ya Rongo na Homa Bay ni mtu mwema, au amefungwa breki tu? Mwanafalsafa Kant alishikilia kwamba kitendo kinacholingana na wajibu si lazima kiwe kimetokana na wajibu. Paulo naye, katika Warumi 13, anataka watu watii si kwa kuogopa adhabu tu, bali kwa ajili ya dhamiri.

Hoja nzuri, lakini abiria wa kiti cha nyuma hana nafasi ya kupima nia ya mtu. Na dereva anayekata waya wa kidhibiti (wapo!) dhamiri yake imeshajianika. Kifaa hakimfanyi mtakatifu, wala hakikuwekwa kwa ajili hiyo. Kiliwekwa ili watu wafike.

Abiria, gari likianza kupaa, mwambie dereva apunguze. Usiiachie sensa peke yake.