Tajiri, Mchuuzi au Bepari? Wajibu wa Mfasiri Mbele ya Neno Lenye Maana Nyingi

Utangulizi

Mengi yameandikwa kuhusu tafsiri katika Kiswahili. Kwa kawaida mijadala hiyo imeegemea upande wa ufundi: ulinganifu wa maana, muundo wa sentensi, namna ya kuhamisha methali na tamathali za usemi. Upande wa maadili umeguswa kwa mbali tu. Hata hivyo, neno la lugha chanzi linapokuwa na maana kadhaa, na lugha lengwa ikakosa neno moja la kuzibeba zote, mfasiri hulazimika kuchagua. Na palipo na uchaguzi pana wajibu. Makala haya yanakusudia kulichunguza suala hilo kwa kulitazama neno moja la Kiingereza, "merchant", pamoja na tafsiri yake moja iliyo mashuhuri. Swali la msingi ni hili: je, mfasiri ana haki ya kutoa hukumu mahali ambapo mwandishi alitaja jina la kazi tu?

Swali hili likiachwa katika vitabu peke yake huonekana dogo. Inafaa kwanza litazamwe mahali ambapo watu wanaoitwa kwa maneno hayo wanaishi na kufanya kazi.

Mlolongo: Mahali na Neno

Mji wa Mlolongo uko katika kaunti ya Machakos, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Inaelezwa kwamba jina lake limetokana na malori yaliyojipanga moja nyuma ya jingine yakingoja kupimwa kwenye mizani. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017 ikachukua sehemu ya shehena za bandarini, na mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya kulipia, yenye urefu wa kilomita 27, ambayo huanzia hapo na kuishia Westlands. Pamoja na hayo, lori na mji huo havijaachana.

Jina lenyewe tayari ni somo. Katika kamusi, mlolongo ni safu ya watu au vitu vinavyofuatana. Lakini kwa Mkenya mwenye kumbukumbu ya mwaka 1988, "uchaguzi wa mlolongo" ni jambo jingine: ni ule uteuzi wa chama cha KANU ambamo wapiga kura walijipanga hadharani nyuma ya wagombea au mawakala wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, pasipo kura ya siri. Utaratibu huo uliachwa baada ya mkutano wa chama wa Desemba 1990. Neno halikuwa na kosa. Liliingizwa katika tendo, likatoka na doa. Msomaji wa Zanzibar au wa Bukavu akikutana na neno "mlolongo" huona safu ya watu tu. Msomaji wa Machakos huona safu, huona malori, na huenda akaona pia mlalamikaji aliyehesabiwa mchache ilhali safu yake ilikuwa ndefu. Kwa hiyo maana ya neno haimo katika kamusi peke yake, bali pia katika yale ambayo watu wametendewa kwa jina lake.

Majina ya Mtu wa Biashara

Neno "merchant" katika Kiingereza cha karne ya 16 lilimtaja hasa mtu mwenye mtaji mkubwa aliyesafirisha bidhaa kwa merikebu. Baadaye lilipanuka. Siku hizi, katika mikataba ya malipo ya simu, mama anayeuza sukumawiki kando ya barabara ya Mlolongo anaitwa kwa neno lilelile aliloitwa tajiri wa merikebu wa Venisi, maadamu ana nambari ya kupokelea malipo. Kiingereza kimewafunika wote kwa shuka moja.

Kiswahili hakifanyi hivyo. Mama huyo ni mchuuzi, au kwa jina la mapenzi na mazoea, mama mboga. Mwenye ghala ni mfanyabiashara. Mwenye malori, kwa ulimi wa dereva na utingo wake, ni tajiri. Na yeyote kati yao anaweza kuitwa bepari na mtu aliyemkasirikia.

Historia ya maneno hayo inastahili kuangaliwa. "Tajiri" limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni mtu wa biashara. Kiswahili kililipokea kisha kikalielekeza zaidi kwenye mali kuliko kwenye kazi iliyoileta. "Bepari" nalo limetoka Bara Hindi, na katika Kihindi na Kigujarati jamaa za neno hilo humaanisha mfanyabiashara, wala hazina lawama. Kwa hiyo maneno yote mawili yalianza safari yakiwa na mzigo mmoja. Moja likafika likiwa jina la heshima, jingine likafika likiwa shutuma. Lililogeuza la pili ni siasa ya karne ya 20, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambapo ubepari na ukabaila vilitajwa pamoja na unyonyaji, na bepari akawekwa safu moja na kupe.

Tofauti baina ya maneno haya huonekana wazi katika matumizi ya kumiliki. Dereva husema "tajiri wangu", na katika kusema hivyo anakiri uhusiano: tajiri anamdai kazi, naye anamdai tajiri mshahara, na pengine nauli ya kwenda kuzika. Mnunuzi husema "mchuuzi wangu". Ni vigumu kumsikia mtu akisema "bepari wangu". Vilevile, mtu hujitambulisha bila haya kuwa yeye ni mfanyabiashara, lakini ni nadra ajitambulishe kuwa ni bepari. Maneno mawili ya kwanza hutaja mtu aliye ndani ya uhusiano. La tatu humtoa nje ya uhusiano na kumweka kizimbani.

Mabepari wa Venisi

Mwaka 1969 Julius Nyerere, akiwa Rais wa Tanzania, alichapisha tafsiri yake ya The Merchant of Venice. Ilikuwa tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, kwani ile ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka huohuo wa 1969. Jina alilolipa kitabu ni Mabepari wa Venisi. Mambo mawili yalibadilika kwa pamoja: mfanyabiashara amekuwa bepari, na mmoja amekuwa wengi. Wahakiki, Alamin Mazrui akiwa miongoni mwao, wamekwisha kulihusisha jina hilo na siasa ya Ujamaa. Kinachobaki ni kupima kama uchaguzi huo ulikuwa wa haki.

Katika tamthilia ya Kiingereza mfanyabiashara anayetajwa ni Antonio. Mali yake yote iko baharini. Kwa hiyo anakopa ducati 3,000 kwa Shylock ili amsaidie rafiki yake Bassanio, na dhamana ikawa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Antonio hukopesha bila riba. Shylock hutoza riba. Uadilifu wa tamthilia umejengwa juu ya tofauti hiyo, na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, aliyelelewa katika mafundisho yanayoharamisha riba, huitambua mara moja. Jina la Kiswahili linaifuta tofauti hiyo kabla ya pazia kufunguliwa. Mwenye merikebu na mtoza riba wote wamo katika kapu moja.

Anayeilaumu tafsiri hii ana hoja nzito. Shakespeare alitaja kazi. Mfasiri ametaja kosa. Mtazamaji alipaswa kuisikiliza kesi ndipo aamue, naye amekabidhiwa hukumu mlangoni. Zaidi ya hayo, neno la namna hiyo halikai kitabuni. Katika miji ya Afrika Mashariki ya miaka ile, mtu wa kwanza kufikiriwa neno "bepari" lilipotajwa mara nyingi alikuwa Mhindi mwenye duka. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia kutoka Uganda. Haielekei kwamba tamthilia ilichangia hilo, wala dai hilo halitolewi hapa. Linalosemwa ni kwamba jina la kundi likishakuwa jina la kosa, wanaotafuta mtu wa kumlaumu huwa wameandaliwa njia. Nyerere mwenyewe aliifahamu hatari hiyo: Februari 1967, siku chache tu baada ya Azimio, aliandika kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi.

Anayeitetea naye ana hoja. Kwanza, kwa asili yake neno "bepari" ni mfanyabiashara. Mfasiri hakuzua maana bali aliitumia ile mpya bila kuikana ile kongwe. Pili, na hili ndilo lenye uzito zaidi, tamthilia ya Kiingereza nayo ina hukumu yake iliyotangulia kesi. Shylock huitwa "Myahudi" mara kwa mara badala ya kuitwa kwa jina lake, na jina hilo la watu hutumiwa kama jina la kosa. Portia anapoingia mahakamani inambidi kwanza aulize wadai ni akina nani, maana macho hayamwambii nani ni nani. Wingi uliomo katika jina la Kiswahili unakwenda na swali hilo: lawama inatolewa juu ya mtu mmoja wa dini moja na kugawiwa mji mzima ulioishi kwa faida. Kwa upande huu mfasiri hakuongeza hukumu, bali aliihamisha kutoka kwa watu na kuipeleka kwenye mwenendo wa uchumi.

Mizani ya Mfasiri

Hoja hizi mbili zikiwekwa pamoja huonekana kwamba uaminifu kwa maandishi peke yake hautoshi kuamua. Mfasiri ana deni kwa watu watatu. Anamdai mwandishi stahili yake, naye anadaiwa asimsemeshe asichosema. Anadaiwa na msomaji, asimfichie mahali alipochagua. Na anadaiwa na mtu wa tatu ambaye nadharia za tafsiri humsahau: yule atakayeitwa kwa neno hilo baada ya kitabu kufungwa.

Deni hili la tatu halina maana kwamba mtu aitwe tu kwa jina analolipenda. Mwizi hapendi kuitwa mwizi, wala hilo halimfanyi asiwe mwizi. Lakini mwizi huitwa hivyo baada ya ushahidi, naye hupewa nafasi ya kujibu. Jina la hukumu ni halali likifuata shauri. Ni dhuluma likilitangulia. Chukulia Kivoi, Mkamba aliyeongoza misafara ya pembe za ndovu hadi pwani, ambaye Krapf alimtembelea mwaka 1849 na ambaye aliuawa mwaka 1851. Mwanahistoria anayefasiri habari zake akimwita mfanyabiashara, ameacha mlango wazi. Akimwita tajiri, amekumbusha kwamba walikuwapo watu waliomtegemea. Akimwita bepari, ameufunga mlango kabla msomaji hajajua pembe zilipatikana vipi na nani alizibeba. Huenda mwishoni msomaji akafikia neno hilohilo, ila atalifikia kwa miguu yake mwenyewe.

Ni kweli kwamba neno lisilo na hukumu nalo laweza kudanganya. Anayemwita "mfanyabiashara" mtu aliyeuza watu amehukumu kwa kunyamaza. Kwa sababu hiyo haiwezekani kutunga kanuni kwamba mfasiri achague daima neno baridi. Kinachowezekana ni kumtaka apime mzigo. Kwenye mizani ya malori halipimwi lori kwa uzuri wa bidhaa, bali kwa uzito ambao barabara inaweza kuubeba. Portia alimwokoa Antonio kwa hoja ya namna hiyo: ratili moja, isizidi wala isipungue. Neno la tafsiri likizidisha uzito, barabara inayobomoka ni ile inayopitwa na watu wengine.

Hitimisho

Kwa kipimo hicho, Mabepari wa Venisi ni jina lililozidisha uzito, na lililozidisha hadharani. Lina kosa la kumhukumu Antonio asiyesikilizwa; lina sifa ya kutomwacha Shylock abebe peke yake dhambi ya mji. Uchaguzi wake uliandikwa juu ya jalada, ambapo kila msomaji angeweza kuuona na kuubishia, wala haukufichwa katikati ya sentensi. Huo nao ni uadilifu wa aina yake, na ndio unaokifanya kitabu kistahili kuendelea kusomwa kwa jina lilelile.

Mwalimu wa fasihi anayekisomesha leo, awe Dar es Salaam au Machakos, hana sababu ya kulificha swali hilo. Awaulize wanafunzi: kama tamthilia hii ingechezwa Mlolongo, mbele ya madereva, matingo, wenye malori na akina mama mboga, nani angecheka jina linaposomwa, na nani angeinua mkono akitaka kujibu? Mfasiri asiyeweza kumfikiria mtu huyo wa pili hajamaliza kazi yake, hata kama kila neno lake limo katika kamusi.