Je, Fundi Aonyeshe Kazi Yake Ikivunjika?

Wazee walisema, Usione vyaelea, vimeundwa. Neno hili latufundisha kumheshimu mwenye kuunda chombo. Walakini laleta na swali: je, huyo aundaye ana haki ya kutuficha mahali ambapo kazi yake yaweza kushindwa? Sisi tuvukao madaraja na kulala chini ya dari hatukupiga hesabu zake. Twaweka roho zetu mikononi mwa watu tusiowajua. Basi watu hao wana deni gani kwetu?

Katika nchi ya Marekani, kwenye miji miwili iliyopakana, Urbana na Champaign, kipo Chuo Kikuu cha Illinois, na ndani yake imo shule ya mainjinia. Tangu mwaka 1920 shule hiyo ina desturi ya kuwafungulia watu wote milango yake, baridi inapokwisha na miti kuanza kuchipua. Wanafunzi wenyewe ndio watengenezao maonyesho. Watoto wa shule huja na walimu wao, wazazi huja, na majirani huja. Huonyeshwa umeme ukiruka hewani mfano wa radi, na mambo mengine mengi ya ajabu. Na kila mtu ana ruhusa ya kuuliza.

Lakini liko onyesho moja lipasalo kufikiriwa zaidi. Katika nyumba iliyopewa jina la Arthur Newell Talbot, aliyekuwa mwalimu mkuu wa kazi hizo zamani, iliwekwa mashine ndefu kama nyumba ya ghorofa, iwezayo kukandamiza kitu kwa nguvu ya ratli 3,000,000. Kwa miaka mingi wageni wamekusanyika hapo kutazama zege likivunjwa. Mche wa zege wenye upana wa inchi 6 na kimo cha inchi 12, ukifanywa vizuri na kuachwa siku 28 ukomae, waweza kuchukua zaidi ya ratli 100,000. Halafu hulia kwa kishindo, ukapasuka. Zege lililotiwa maji mengi, ili limwagike kwa urahisi, huvunjika mapema zaidi. Jambo hili lilithibitishwa kwa hesabu mwaka 1918 na Duff Abrams, naye alikuwa amesoma katika chuo hicho hicho.

Wako watakaosema, “Haya ni mbwembwe tu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Shule iliyo njema ina haja gani ya kuita watu?” Na wengine watasema, “Asiye na elimu akiona zege likivunjika ataogopa kupita darajani, wala hatawaamini mafundi tena.” Maneno haya si ya kupuuzwa. Ni kweli kwamba shule yaweza kuita watu kwa kutafuta sifa na wanafunzi. Ni kweli pia kwamba mtu mwenye hofu hapimi mambo sawasawa.

Lakini tutazame njia ya pili, ile ya kuamini bila kuonyeshwa. Katika nchi ya Kanada, karibu na mji wa Quebec, palikuwa pakijengwa daraja kubwa la chuma juu ya mto St. Lawrence. Mkuu wa shauri alikuwa injinia Theodore Cooper wa New York, mzee mwenye sifa nyingi. Nafasi ya katikati ilikuwa iwe futi 1,600, akaiongeza hata futi 1,800. Lakini uzito mpya wa chuma haukupigiwa hesabu upya kwa wakati wake. Serikali ilipotaka kumweka injinia mwingine aikague kazi, Cooper hakukubali. Nani angebishana na mtu mkubwa kama huyo? Kisha mabamba ya chuma yakaanza kupinda, nao waliokuwa kazini wakayaona, lakini kazi haikusimamishwa. Tarehe 29 Agosti 1907 daraja likaanguka mtoni, wakafa watu 75. Tusipoziba ufa tutajenga ukuta. Lakini ukuta hujengwa tena, na mtu hajengwi tena.

Basi zege huvunjwa ama mbele ya watu wanaotazama, ama juu ya watu wanaopita. Hakuna zege lisilo na mwisho wa nguvu zake. Fundi aonyeshaye mwisho huo hapunguzi imani yetu, bali huipa msingi. Imani isiyojua kipimo ni mazoea tu, nayo huvunjika siku moja na isirudi.

Lakini tupambanue. Kufungua mlango peke yake si ukweli. Mtu akikuonyesha vile vilivyosimama tu, huyo anafanya biashara. Akikuonyesha na uzito uvunjao kazi yake, amekupa mizani ya kumpimia yeye mwenyewe, hata siku asipokuwapo. Hilo ndilo deni la mwenye elimu: kutupa mizani, wala si kutushangaza.

Nasi watazamaji tuna deni letu. Mficha uchi hazai, lakini mara nyingi ni sisi tuwafundishao watu kuficha. Mtunza fedha wa chama akikiri mbele ya mkutano kwamba hesabu imepungua shilingi tano, tunamcheka na kumwita mwizi; na mwenzake afungaye kitabu tunamwita mwungwana. Fundi wa kisima akisema, “Ukuta huu hautashika, tuubomoe,” tunanung’unika juu ya gharama. Mwalimu akiwaonyesha wazazi madaftari yenye makosa, watoto hupigwa. Mara ya pili ataleta madaftari safi tu. Kwa hiyo asemaye kweli hutoka na aibu, afichaye hutoka na heshima, na ufa hukaa pale pale ukingoja siku yake.

Ndugu msomaji, kijijini kwetu hatuna mashine ya ratli 3,000,000. Lakini tofali laweza kulowekwa majini usiku kucha kabla ya kununuliwa, na kitabu cha hesabu chaweza kufunguliwa mezani watu wote wakaona. Mwombe fundi wako akuonyeshe hayo. Naye akikuonyesha tofali lililoyeyuka, mshukuru kwanza, kisha mjadiliane bei.