Mechi Nyingi Hazimfundishi Mtu Kutuliza Mpira

Wanangu wa Kaloleni, Jericho, Dandora na Kariobangi hapa Nairobi, nawaona kila wikendi. Jumamosi asubuhi mnachezea timu ya mtaa, alasiri mmeazimwa na timu ya jirani, Jumapili baada ya kanisa mko uwanjani tena kwa sababu kuna pesa za mshindi. Jumatatu mnachechemea. Nikiwauliza mlifanya mazoezi lini, mnanyamaza.

Mechi ni tamu, sikatai. Ila hebu hesabu mpira unakufikia mara ngapi. Watoto 22 kwenye vumbi na changarawe, kocha anafoka "Piga mbele!", na yule mrefu kuliko wote ndiye anayeufukuzia. Winga wa miaka 11 humaliza kipindi kizima ameugusa mara chache tu, tena kwa mguu uleule wa kulia. Mechi haiuponyi mguu wa kushoto, inauficha, kwa kuwa anayetaka kushinda hutumia kile anachokiweza tayari.

Lakini msikimbilie upande wa pili. Wapo makocha wanaopanga koni alasiri nzima, watoto wakizizunguka mmoja mmoja kwa foleni. Koni hainyang'anyi mtu mpira. Aliyezoea koni, siku beki wa Huruma anapomjia kwa kasi, hajui ainue kichwa lini wala autoe mpira kwa nani.

Mazoezi ninayowatakia ni haya. Anzeni na robo saa ukutani: piga, tuliza, piga, mguu huu na huu. Kisha wanne kwa wanne, hata kama ni kwenye ule mwanya kati ya majengo, na sharti moja kwa siku. Leo hakuna bao ila la mguu dhaifu. Keshokutwa, mguso wa kwanza lazima ukuondoe kwa mpinzani. Hapo ujuzi unafundishwa ndani ya mchezo wenyewe, na hakuna anayesimama bure. Siku tatu za namna hiyo kwa wiki na mechi moja, kwa mtoto wa chini ya miaka 13, naona zatosha kabisa.

Kiungo Victor Wanyama alikulia Muthurwa, hapa hapa kwetu. Tarehe 7 Novemba 2012 aliifungia Celtic dhidi ya Barcelona kwa kichwa, mpira wa kona, kwenye nguzo ya mbali. Kuruka vile hurudiwa mazoezini mpaka mwili uzoee. Kujua mpira utaangukia wapi hupatikana kwa kucheza na watu. Na kushinda mechi si kipimo pekee: MYSA, chama cha michezo cha vijana kilichoanzishwa Mathare mwaka 1987, kilizipa timu za watoto pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, kwa hiyo mabao pekee hayakuamua msimamo. Mathare United, iliyozaliwa humo, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008.

Desemba mkienda Ziwani kutazama mashindano ya Koth Biro, msiufuate mpira kwa macho. Mchagueni kiungo mmoja, mmwangalie anageuza shingo mara ngapi kabla pasi haijamfikia. Rudini mkalijaribu hilo mtaani.

Nawasihi, kila mmoja abaki na timu moja. Na kocha akikuambia hana siku ya mazoezi, ana mechi tu, mshukuru kwa heshima, kisha utafute timu nyingine.